Siku Nilipomfungia Bibi Uanachama

Mimi ndiye niliyesema karani alikosea. Naanza na hilo kwa sababu kila ninaposimulia habari hii huwa najikuta nimeanzia kwenye mfumo, au kwa wataalamu wa Dar es Salaam, na mpaka nifike mwisho msikilizaji ananionea huruma mimi. Huruma hiyo si haki yangu. Karani hakukosea hata mstari mmoja, na nilipokuwa natamka maneno yale nilijua hivyo.

Ninafanya kazi katika chama cha ushirika cha wakulima na wafugaji. Ofisi yetu iko Tarime mjini, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanachama wametawanyika kuanzia Susuni, kwetu, hadi Ringwani na Kenyamonta kule wilaya ya Serengeti. Kwenye barua cheo changu ni ofisa wa mifumo. Kwa watu wengine wote mimi ni "yule wa kompyuta", maana yake ninabadilisha wino wa printa, ninawafungulia waliosahau nywila zao, na ninaitwa kwenye kikao cha bodi projekta inapokataa kuwaka. Nina kiburi, sikatai. Nilisoma chuo, ninajua mambo ambayo meneja hayajui, na kwa miaka kadhaa niliamini kabisa kwamba siku nikiugua malaria ofisi ile itafungwa.

Zamani kumbukumbu zetu zote zilikaa kwenye seva moja iliyowekwa stoo, kati ya mabomba ya kunyunyizia dawa na magunia matupu. Niliijali kuliko pikipiki yangu. Niliifuta vumbi, niliiwekea feni, na umeme ulipokatika nilikimbia kuwasha jenereta hata kama nilikuwa mezani nakula. Halafu asubuhi moja tukafungua kompyuta tukakuta mafaili yote yamefungwa, na kwenye kila kioo maandishi mekundu yanatutaka tulipe ndipo tufunguliwe. Mtu mmoja ofisini alikuwa amefungua barua pepe iliyojifanya ankara. Mtu huyo, ili tusitafutane, ni mimi.

Hatukulipa. Bodi ilisema haiwezi kumlipa mwizi ambaye haijamwona hata sura. Kilichotuokoa ni sanduku la bati la karani wa zamani, aliyestaafu kabla sijaajiriwa. Ndani yake mlikuwa na madaftari makubwa ya uanachama, kila mtu ameandikwa kwa mkono, wino wa bluu, bila kukata wala kufuta. Jina, kijiji, jinsia, mume au mke, watoto, ng'ombe, ekari. Karani alikuja mwenyewe, amevaa koti katika joto lile, akakaa pembeni yangu siku nyingi akinisomea nami nachapa. Nilipokosea herufi alisubiri nimalize ndipo aseme. Kwa hiyo siwezi hata kujitetea kwamba sikumfahamu.

Baada ya mkasa ule wauzaji walitunusa. Kila wiki simu, moja kutoka Dar, nyingine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Sirari, "boss, mko na hatari kubwa sana hapo, mtavamiwa tena." Wote waliimba wimbo mmoja. Hakuna anayenunua seva siku hizi. Unapanga nafasi kwenye wingu, kumbukumbu zako zinakaa kwenye majumba makubwa ya mbali yenye walinzi na majokofu, na ulinzi wa mtandao unakuja humo humo ndani ya huduma. Benki zimehamia huko, hospitali zimehamia, na makampuni yanayouza uoga na yanayouza dawa ya uoga ni yale yale. Hilo la mwisho ni langu. Lakini nilikuwa upande wao. Seva yangu ilikuwa imenitia aibu mbele ya ofisi nzima na nilitaka iondoke machoni pangu.

Kwenye kikao cha bodi nilieleza kwa muda mrefu, na picha, na mishale, mpaka nikaona macho yanafumba. Mjumbe mmoja, mzee wa Kenyamonta mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akainua mkono.

"Mura, kijana wangu, hiyo naijua. Ni kuweka ng'ombe kwa watu."

Kwetu mwenye ng'ombe wa maana hawalundiki wote katika boma moja. Wengine anawaweka kwa rafiki, mbali, ili wezi wakija usiku wasimmalize. Wajumbe wote wakacheka kwa kuelewa, na hoja ikapita pale pale. Mzee hakuwa amemaliza. Akasema yule unayemwekea lazima awajue ng'ombe wako, mmoja mmoja, la sivyo siku ya kuwarudisha mtatazamana tu. Nikamjibu haraka, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mfumo utawajua, mzee." Akanitazama kidogo, akakaa.

Kampuni tuliyoichagua ilimtuma mtaalamu mmoja akae nasi wiki mbili kuhamisha kumbukumbu. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kama mitano, mtu wa Dar wa kuzaliwa, viatu vyake havikushika tope hata mvua ilipopasua barabara, sijui aliwezaje. Nilimtafutia kasoro nikakosa. Aliwaamkia wazee shikamoo, alikula ugali wa muhogo na wimbi bila kuuliza maswali, na mimi aliniita kaka. Siku ya pili aliniambia watu wa ulinzi wa mitandao wanatafutwa kila mahali, na mtu anayejua kazi kuanzia chini kama mimi angepata nafasi Dar bila shida. Aliahidi kuniombea mafunzo. Kuanzia hapo nilitaka anione mwenzake. Nilianza kuchomekea shati.

Alitufundisha namna mpya. Zamani, alisema, ofisi ilijilinda kama nyumba, ukishapita mlangoni umeaminiwa. Siku hizi haaminiwi mtu kwa sababu yuko ndani au kwa sababu anafahamika. Kila anayetaka huduma anathibitishwa upya kila mara, anatumiwa namba ya siri kwenye simu, na kila kinachofanyika kinaandikwa, nani, lini na kwa sababu gani. Mambo hayo yalinifurahisha sana. Tulikuwa na tatizo la wanachama hewa, watu waliojiandikisha kaya moja mara mbili ili wapate mbegu na dawa za kuogeshea ng'ombe mara mbili, na mfumo ule ulijengwa kuwakamata. Kila kaya ilikuwa na mkuu mmoja, na ndoa zote za ndani zilipaswa kusomeka. Mistari isiyosomeka ilijipaka rangi nyekundu yenyewe.

Alasiri moja nikasikia ananiita.

"Kaka, hebu njoo uone. Huyu mama hapa, kwenye sehemu ya mume pameandikwa mwanamke. Na huyo mwanamke naye ni mwanachama, ana namba yake. Na huyu hivyo hivyo. Na huyu."

Akashusha ukurasa. Mistari myekundu ilikuwa Susuni, ilikuwa Ringwani, ilikuwa kila mahali.

Nieleze hapa yale ambayo sikumweleza yeye. Kwetu mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume, hasa akiwa mjane, anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe wake mwenyewe, kwa ukoo, mbele ya watu, anamleta mwanamke kijana nyumbani. Yule kijana ni kama mkwe aliyeolewa na mtoto ambaye hakuzaliwa. Watoto atakaozaa na mwanamume yeyote atakayekubalika ni wa nyumba ile, wanarithi pale, wanazikwa pale. Inaitwa nyumba ntobhu. Mzee wa kwetu hawezi kukushangaa ukilitaja jina hilo. Karani alipomwandika mwanamke mmoja kama mume wa mwenzake hakuwa amelewa. Aliandika ndoa.

Na mimi nimezaliwa humo. Bibi yangu alifiwa na mume akiwa bado ana nguvu, hana mtoto hata mmoja. Mashemeji walikuwa wameshaanza kupima shamba kwa macho. Akalima wimbi na tumbaku, akabadilisha wimbi kwa mbuzi, mbuzi kwa mitamba, na alipofikisha ng'ombe kumi na wawili akawatoa wote akamwoa mama yangu. Nikazaliwa mimi, wakafuata dada zangu wawili. Aliyenizaa namjua kwa sura, ni mtu wa kijiji cha pili, tukikutana mnadani ananisalimia kama anavyomsalimia kijana yeyote. Sikukosa kitu. Nilisomeshwa na ng'ombe wa bibi mpaka chuo, na nilikuwa na mama wawili nyumbani wa kunichapa.

Nilipofika chuo ndipo nilipojua kwamba kwetu kuna cha kuchekesha. Wenzangu wa chumbani walisoma habari fulani kwenye simu, wakaisoma kwa sauti, wakacheka hadi kujifuta machozi, mwanamke kaoa mwanamke, huko Mara watu hawa vipi. Nilicheka nao. Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wote, na kuanzia siku ile nikawa mtu asiyesimulia nyumbani kwao.

Kwa hiyo mtaalamu alipouliza, "Hii inakuwaje, kaka?" yule mwanafunzi aliyecheka chuoni ndiye aliyejibu. Naye mtaalamu hakuwa ametabasamu. Hakuwa amedhihaki. Alikuwa ameuliza tu, kama ambavyo angeuliza namba ya simu iliyopungua tarakimu. Ningesema sentensi mbili na yangekwisha.

Nikasema, "Makosa ya karani. Alikuwa mzee sana, alikuwa anachanganya safu."

"Yote haya?"

"Yote."

"Basi tuyafunge kama wanachama hewa, wenyewe wakijitokeza watathibitishwa. Ila kufunga kunataka idhini ya mtu wa ofisini. Ni wewe."

Orodha ilikuja kwenye kioo changu. Ilinibidi nipitie kila jina na kubonyeza. La tisa au la kumi lilikuwa la bibi, na chini yake mama. Nilisita kidogo, na katika kusita kule nikajiambia kwamba akishaondoka nitarekebisha kimya kimya, wala hakuna atakayejua. Nikabonyeza bibi. Nikabonyeza mama. Mtaalamu akanipa mkono, tukaenda kunywa soda.

Aliondoka Jumamosi. Jumatatu nilijaribu kuwafungua, na mfumo ukaniuliza sababu. Ukataka pia meneja naye aidhinishe, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kufunga na kufungua peke yake. Ulinzi huo nilikuwa nimeusifu mwenyewe mbele ya bodi. Nikaona sanduku la kuandikia sababu liko tupu, nikaanza kuandika, nikafuta. Ili niandike sababu ilibidi niandike kwamba nilidanganya. Nikafunga kompyuta. Nikasema wiki ijayo, halafu nikasema baada ya mkutano mkuu, na miezi ikapita hivyo. Nilipokwenda nyumbani Susuni sikuweza kukaa sebuleni na bibi zaidi ya muda wa kumaliza uji. Alidhani kazi imenizidi, akamwambia mama anitafutie maziwa ya mgando.

Siku ya kugawa mbegu na dawa za kuogeshea ng'ombe ikafika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mfumo mpya, na meneja akanituma Susuni kusimamia. Ningeweza kusema naumwa. Nilikwenda kwa sababu nilitumaini, sijui kwa akili gani, kwamba bibi hatakuja mwenyewe, atamtuma jirani.

Alikuja wa kwanza wa kwanza. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na ameshika kile kisimu chake cha kitochi mkononi, tayari kwa meseji. Wakati foleni inasogea nilimsikia akimwambia mwenzake wa nyuma, "Yule pale mwenye kompyuta ni wangu. Nilitoa ng'ombe." Alilisema kwa Kikurya, na kwa Kikurya linasikika kubwa zaidi.

Mezani alikuwapo dada tuliyemwajiri karibuni, mtu wa Geita, mumewe alikuwa amefuata dhahabu huku. Hakujua lolote la kwetu na hakuwa na sababu ya kujua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Andika, mama."

Akataja namba yake ya uanachama kwa kichwa. Dada akabonyeza, wakasubiri. Simu haikulia. Akabonyeza tena.

"Bibi, meseji haijaja?"

"Haijaja."

"Ngoja nione." Akainama kwenye kioo. "Bibi, uanachama wako umefungwa."

"Na nani?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Ningeweza kumzuia. Yule dada, kwa uaminifu wote wa mtu mpya kazini, akasoma kila kitu kwa sauti ili bibi kizee asikie vizuri. "Sababu, mwanachama hewa. Aliyeidhinisha kufungwa ni..." Akasoma jina langu, majina yote mawili, halafu akainua kichwa. "Kaka, si wewe huyu?"

Foleni ilisogea karibu. Watu wa kwetu si watu wa kunyamaza. Mwanamume mmoja nyuma akauliza, "Hewa? Huyo mama ni hewa?" na mwingine akacheka kidogo akajizuia. Nikasikia sauti yangu inasema kile ambacho kila mtu nchi hii husema akiwa hana la kusema.

"Ni mtandao. Leo mtandao unasumbua."

Bibi alinitazama. Hajui kusoma lakini hajawahi kuwa mjinga, na jina langu alinipa yeye, hangeweza kulisikia vibaya. Aliniangalia kwa muda ambao ulinitosha. Kisha akageukia foleni, akapaza sauti.

"Mmesikia. Ni mtandao. Mtoto hana kosa, nitarudi."

Akaondoka bila mbegu, bila dawa, akipita katikati ya watu waliomjua tangu ni bibi harusi. Nilikuwa nimemkana mbele ya mtu mmoja niliyetaka anipende, na yeye alinificha mbele ya kijiji kizima. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, nayo haijapungua kadiri siku zinavyokwenda.

Nyuma yake walikuwapo wengine wanne wa nyumba kama yetu. Kila mmoja alifika mezani, simu haikulia, na kila mara nilisema mtandao. Katikati yao simu za watu wengine zililia vizuri kabisa na dawa zikatolewa, kwa hiyo sidhani kama aliniamini mtu. Mama aliniambia baadaye kwamba jioni ile bibi alikwenda kwa jirani kuomba dawa kidogo ya kuogeshea ng'ombe. Maisha yake yote ni yeye aliyekuwa akiombwa.

Asubuhi yake nilimweleza meneja kila kitu nikiwa nimesimama. Naye ni mtu wa kwetu. Aliniuliza jambo moja tu, "Na wewe si mtoto wa nyumba hiyo?" Nikasema ndiyo. Akavuta kompyuta yake akaanza kuidhinisha, jina baada ya jina, bila kunitazama tena. Afadhali angenifokea.

Halafu nikampigia mtaalamu. Nilimwambia karani hakukosea, nikamweleza nyumba ntobhu ni nini, nikamwambia mmoja wa wale wanawake ni bibi yangu.

"Kaka, hiyo ni sehemu ya mipangilio tu. Naongeza aina ya ndoa. Ungeniambia siku ile ingekuwa kazi ya dakika tano." Akaniomba nimtajie jina herufi kwa herufi. Nikamtajia. Halafu akauliza, "Na bibi hajambo?"

Nilimwomba pia anifutie ile kumbukumbu ya kwanza, ile yenye jina langu na neno hewa. Akasema haifutiki, hata yeye hawezi, na huo ndio ulinzi tunaoulipia. Hakusema kwa ubaya.

Kwa karani nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta anawamwagia kuku mtama uani kwake, nikamwambia nilivyosema juu yake. Aliendelea kumwaga mtama.

"Niliandika kama wenye nyumba walivyoniambia," akasema. "Nilikuwa nawauliza mara mbili. Bibi yako siku anajiandikisha alikuwa amekubeba mgongoni. Ulilia sana, ukanimwagia wino."

Hakusema amenisamehe na mimi sikuuliza.

Jumapili ile nilikwenda Susuni na kompyuta ya mkononi, kwa kuwa utaratibu mpya ulitaka mkuu wa kaya asomewe kila jina la kaya yake athibitishe mwenyewe. Nilimkuta bibi kwenye kigoda ndani, mama yuko mlangoni anapepeta wimbi. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba. Nilipofika katikati yake, kwenye sehemu ya kusema kwamba nilimwonea haya, yeye, mama na nyumba yote, bibi akainua mkono.

"Nilisikia siku ile. Soma hayo uliyoleta."

Nikamsomea. Jina lake, mkuu wa kaya. Akaitika. Jina la mama, na mbele yake, ameolewa na nani, jina la bibi tena. Akaitika, akamtazama mama, mama akatabasamu akiwa ameinama. Dada zangu wawili. Akaitika. Nikasema, "Basi, bibi, bonyeza hapa."

"Na wewe?"

Nikamwambia mimi nina namba yangu peke yangu, nilijiandikisha nilipoajiriwa.

"Isome."

Nilijaribu kusema haihitajiki. Akarudia neno lile lile, taratibu. Nikafungua ukurasa wangu. Mfumo ulikuwa umechukua taarifa zangu kutoka kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilichukua kutoka kwenye fomu niliyojaza mwenyewe mwaka wa kwanza wa chuo, wiki ile ile niliyocheka na wenzangu. Nilisoma jina langu. Nilisoma kijiji. Kisha nikafika pale palipoandikwa jina la baba, nikasoma jina la mwanamume nililolitunga siku ile nikiwa kwenye foleni na kalamu ya kuazima, na mbele yake neno marehemu.

Bibi alilirudia jina lile mara mbili, polepole, kama mtu anayejaribu kumkumbuka jirani aliyehama zamani. Halikumjia.

"Huyu," akauliza, "alitoa ng'ombe wangapi?"

Mlangoni mama aliacha kupepeta, akageuka, akasubiri jibu langu pamoja naye.